Jukwaa la Kukunja: Pura Belpré kwa Kiswahili, Bronx

Mradi ni jukwaa la vikaragosi linalokunjwa na kubebwa mkononi, igizo la dakika ishirini kwa Kiswahili juu ya maisha ya Pura Belpré, mkutubi na msimulizi wa hadithi kutoka Puerto Rico, na kijitabu cha kurasa 12 cha kupeleka nyumbani. Wachezaji ni watoto wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi hapa Bronx, New York, wa miaka tisa hadi kumi na tatu. Watazamaji ni wadogo zao na wazazi, wengi wakiwa wametoka Kivu, Burundi, Tanzania na pwani ya Kenya. Mfuko ni dola 300 za mchango wa wazazi. Maonyesho ni Jumamosi, 4 Januari 2025, siku mbili kabla ya sikukuu ya Wafalme Watatu, ambayo Belpré aliifanya sherehe ya maktaba kwa watoto wa Kipuerto Rico jijini hapa.

Nitaongeza maingizo kadiri hatua zinavyokamilika. Ya kawaida nitayapita juujuu. Palipotukwamisha nitakaa, maana hapo ndipo anayetaka kuiga atakapookoa fedha zake.

14 Septemba 2024: Kumchagua

Shuleni watoto wetu wanafundishwa Rosa Parks na Martin Luther King kila mwaka hadi wanawajua kama shangazi na mjomba. Nilitaka mtu aliyefanya kazi hii yetu hasa, ya kuwashika watoto kwa lugha ya nyumbani katika jiji lisiloijua. Belpré aliifanya maisha yake yote, tena mtaani kwetu. Mwaka 1968 alistaafu, lakini mradi wa maktaba wa South Bronx ukamrudisha kazini, akawa anazunguka na vikaragosi na jukwaa la kuhamishika. Kwa hiyo hata umbo la mradi huu ni lake, si langu.

Niliyoyakusanya kwa ajili ya igizo, kwa ufupi. Alizaliwa Cidra, Puerto Rico. Familia ilihamahama kisiwani kwa sababu baba alikuwa mkandarasi wa ujenzi, na hadithi alizipata kwa wakubwa wa nyumbani, bibi yake hasa. Alisoma mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Puerto Rico. Mwaka 1920 akaja New York kwenye harusi ya dada yake, akabaki. Kwanza alifanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Mwaka 1921 Ernestine Rose, mkuu wa tawi la maktaba la Mtaa wa 135 pale Harlem, akamwajiri kwa kuwa Wapuerto Rico walikuwa wanaongezeka mtaani na hakuna mtumishi aliyezungumza nao Kihispania. Ndivyo alivyokuwa Mpuerto Rico wa kwanza kuajiriwa na maktaba ya umma ya New York.

Niliposoma haya darasani, swali la kwanza halikuhusu vitabu. Kijana mmoja aliuliza: "Mwalimu, makaratasi alipata vipi?" Ni swali la nyumba zao, na lina jibu zuri: Wapuerto Rico walifanywa raia wa Marekani mwaka 1917, kwa hiyo alishuka melini akiwa raia. Tumeliingiza kwenye igizo kama lilivyoulizwa.

Kitabu kilichotusaidia kuliko vyote ni mkusanyo wa maisha na maandiko yake wa Lisa Sánchez González, uliotolewa mwaka 2013 na Centro, kituo cha masomo ya Kipuerto Rico cha Hunter College. Tuliazima, hatukununua. Nakala za picha na kurasa: dola 11.

28 Septemba 2024: Kutembelea majengo

Anayetaka kufuata nyayo atumie siku moja. Panda treni namba 2 au 3, shuka Mtaa wa 135. Jengo la zamani la tawi, la mwaka 1905, bado lipo na sasa ni sehemu ya Kituo cha Schomburg, maktaba ya utafiti juu ya historia ya Weusi. Hapo watoto walishangaa kusikia kwamba Arturo Schomburg naye alikuwa Mweusi wa Puerto Rico, na kwamba mkusanyo wake wa vitabu na maandishi ya Weusi ulinunuliwa mwaka 1926 kwa dola 10,000 za msaada wa Shirika la Carnegie ukaletwa kwenye jengo hilihili, Belpré akiwa mtumishi wa tawi hilohilo. Kisha rudi vituo viwili hadi 116, utembee kwenda tawi la Mtaa wa 115, ambalo leo limepewa jina la mwimbaji Harry Belafonte. Mwisho, vuka upande wa mashariki hadi tawi la Aguilar, Mtaa wa 110. Haya ndiyo matawi aliyofanyia kazi miaka ya 1920 hadi 1940. Nauli wakati huo ilikuwa dola 2.90 kwa safari, kila familia ilijilipia.

Hifadhi ya karatasi zake iko Centro, pale Mtaa wa 119 Mashariki. Andika kuomba miadi mapema, na usiende na watoto ishirini. Picha nyingi zinaonekana mtandaoni.

12 Oktoba 2024: Igizo la kwanza halikufaa

Rasimu ya kwanza ilimfuata tangu kuzaliwa hadi tuzo. Kikaragosi kinatoka, kinasema "nilizaliwa," kinasema "nikaajiriwa," kinasema "nikaandika." Tuliisoma kwa sauti mbele ya wadogo. Dakika ya nne mmoja alilala. Msichana wa miaka kumi aliyekuwa akisoma sehemu ya Pura aliweka karatasi chini akauliza: "Sasa shida yake ilikuwa nini?"

Ilikuwepo, ila niliifukia kwenye ukurasa wa tatu kama jambo dogo. Katika saa ya hadithi, msimulizi wa maktaba alitakiwa asimulie hadithi zilizokwisha kuchapishwa. Ni kanuni inayoeleweka: inamleta mtoto kwenye rafu. Lakini Belpré alipopekua rafu za ngano hakukuta hadithi hata moja ya Puerto Rico. Alizokuwa nazo zilikuwa kichwani, kwa sauti ya bibi. Kwa kanuni hiyo, bibi hakuwa na hadithi.

Alichofanya ni kuitii kanuni hadi ikamtumikia. Mwaka 1926 alianza masomo kwenye shule ya ukutubi ya maktaba hiyo, na katika somo la usimulizi la Mary Gould Davis akaandika kisa cha mende Martina na panya Pérez. Mwaka 1932 kampuni ya Frederick Warne ikakichapa. Kuanzia hapo, mtu akiuliza "hiyo imo kitabuni?" jibu lilikuwa rafuni.

Tumepindua igizo zima. Linaanzia kwenye rafu: Pura anatoa kitabu, si chenyewe, anatoa kingine, si chenyewe, na watoto walio mbele wanaitikia "Siyo!" Utoto wake Cidra unakuja katikati, pale anapokumbuka. Harusi ya dada imebaki sentensi moja. Tuzo ya vitabu vya watoto yenye jina lake, iliyoanza kutolewa 1996, tumeihamishia kwenye kijitabu, kwa kuwa jukwaani hakuna mtoto anayejali medali ya mtu mwingine.

Bado kuna kona nilizoshindwa kuzibana. Mwaka 1943 aliolewa na Clarence Cameron White, mpiga fidla na mtunzi Mweusi wa Marekani, akaacha kazi ya maktaba, akasafiri naye na kuandika. White alipofariki 1960 Pura alirudi maktabani kama mtaalamu wa vitabu vya watoto vya Kihispania. Miaka kumi na saba ya ndoa, muziki na barabara! Jukwaani imekuwa sekunde arobaini: kikaragosi cha fidla kinapita kulia kwenda kushoto, Pura anakifuata, kisha anarudi peke yake amevaa shali. Watoto wenyewe walitunga hiyo. Ni bora kuliko maelezo yangu yote.

26 Oktoba 2024: Fremu

Tulianza na mbao nyembamba za plaiwudi, paneli tatu zenye bawaba. Dola 38, na fundi wetu, mzee kutoka Bukavu, alizikata vizuri sana. Zilisimama imara ukumbini. Tatizo lilikuja kwenye ngazi za treni: paneli ya sentimita 180 haigeuki kwenye kona, na watu wawili wazima walitoka jasho kuishusha. Jukwaa la kuhamishika lisilohamishika. Plaiwudi sasa ni meza ya kupakia rangi.

Fremu ya pili ni ya mabomba ya plastiki ya nusu inchi, yale ya maji, na viungo vya kona. Dola 46. Hayakugundishwa kwa gundi, yanachomekwa tu, na kila kiungo kina alama ya rangi inayolingana na bomba lake ili hata mtoto aweze kulijenga. Vipimo: upana sentimita 150, kimo 180, kina 60. Likivunjwa linaingia kwenye mfuko wa zulia la mazoezi.

Yaliyotusumbua ni mawili. Bomba la juu la mbele, lenye sentimita 150, lilipinda katikati kama kamba ya nguo mara tu tulipotundika pazia. Fundi aliingiza ndani yake ufito wa mbao wa nusu inchi urefu wote, likanyooka. La pili ni kimo cha ukingo wa kuchezea. Tuliuweka juu ya vichwa vya wachezaji wakiwa wamesimama, yaani sentimita 150. Mikono ilichoka baada ya dakika tano, vikaragosi vikaanza kuzama, na wadogo waliokaa chini waliona paji la uso tu. Sasa ukingo uko sentimita 115 na wachezaji wanakaa kwenye vigoda. Anayeiga aanze hapo.

Pazia ni kitambaa cheusi, dola 34. Kishike mbele ya taa kabla hujalipa. Kipande cha kwanza tulichopewa bure kilionyesha vivuli vya wachezaji wote, watoto wakawa wanawaangalia wao.

9 Novemba 2024: Vichwa vilivyoota ukungu

Vichwa, vya Pura na vya wanyama wa kisa cha Martina ambacho kimo ndani ya igizo, ni vya karatasi ya gazeti iliyolowekwa, juu ya puto dogo. Gundi ilikuwa uji wa unga wa ngano kwa sababu ni rahisi na kila mama anajua kuupika. Tulivifungia kwenye mfuko wa plastiki stoo ya chini vikiwa bado na unyevu kidogo. Tulipofungua, paka alikuwa na ndevu za kijani na jogoo ananuka kama kibuyu kilichosahaulika. Tumevitupa vyote isipokuwa cha chura, ambacho kwa bahati kilikaa juu ya hita.

Dawa: gundi nyeupe nusu na maji nusu, tabaka nne badala ya nane, na kila tabaka likauke kabisa karibu na hita kabla ya linalofuata. Usifunike. Gundi na rangi zilituchukua dola 31, pamoja na zile za mara ya pili.

Martina alihitaji ufundi wa peke yake. Mende ana miguu sita, kikaragosi cha mkono kina miwili. Dada mmoja wa Mombasa, mshonaji, alimtengenezea miguu minne ya kitambaa kilichojazwa pamba, akaifunga kwa uzi mweusi kwenye mikono ile miwili, mmoja chini ya mwingine. Mchezaji akinyanyua mkono wa juu, ile ya chini inafuata kwa kuchelewa kidogo, kama shanga zinazoning'inia. Akifagia, anafagia kwa miguu sita. Watoto walicheka hadi mazoezi yakasimama. Vitambaa, nyuzi na vifungo: dola 27.

Mama mmoja hakucheka. "Mwalimu, mwaka mzima nafukuza mende kwenye fleti yangu, leo umeniletea aliyevaa lesi?" Nilimwambia huyu ni mende wa kabila bora, analipa kodi. Ameruhusu, kwa masharti kwamba Martina asilale nyumbani kwake.

23 Novemba 2024: Rangi ya Pura

Picha zake nyingi ni za rangi nyeusi na nyeupe. Mtoto aliyepaka kichwa alichagua hudhurungi nyepesi sana, karibu na krimu. Nilipouliza kwa nini, alisema kwenye kitabu cha shule watu wa Puerto Rico wako hivyo. Sikumlaumu. Hata wanaomwandika Belpré mara nyingi humtaja kama Mpuerto Rico, wakanyamaza kwamba ni Mpuerto Rico Mweusi.

Lakini ukimtoa weusi, kazi yake haieleweki. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa Harlem ya miaka ya 1920. Kwenye tawi la Mtaa wa 135 alikuwapo Catherine Latimer, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa mkutubi wa maktaba ya umma ya New York, na Nella Larsen, mwandishi wa riwaya, alifanya kazi pale pia. Belpré alikaa mahali ambapo Weusi wanaosema Kiingereza na Weusi wanaosema Kihispania walipanga foleni kwenye dawati moja. Watoto wetu wanakijua kitu hiki vizuri: shuleni Wamarekani Weusi wanawaita Waafrika, na wengine wote wanawaita Wamarekani.

Tulibandika picha zake kadhaa ukutani, tukaweka kando ya kila moja mkono wa mtoto mmojammoja. Kichwa kimepakwa upya. Nywele ni sufu nyeusi iliyochambuliwa, na nguo ni sketi yenye maua.

Jambo jingine dogo la kijitabu: mwaka wa kuzaliwa. Maandishi mengine yanasema 1899, mengine 1903, tarehe ikiwa 2 Februari. Tulikuwa tumeshapanga ukurasa wenye 1899 kwa herufi kubwa. Tumeandika miaka yote miwili, na jukwaani Pura akiulizwa umri anajibu "mwanamke haulizwi," jibu lililotoka kwa bibi mmoja wa Uvira na ambalo limepata makofi kila mara.

7 Desemba 2024: Haki, shairi na Kiswahili cha nani

Kitabu cha 1932 tulikichukulia kuwa bado kinalindwa. Nchini Marekani kazi ya mwaka huo hulindwa miaka 95, maana yake hadi mwisho wa 2027. Kwa hiyo hatukutafsiri maneno ya Belpré wala kunakili michoro ya Carlos Sánchez. Kisa chenyewe ni ngano inayosimuliwa Uhispania na Amerika ya Kilatini kwa sura nyingi, hakina mwenyewe. Tumekisimulia upya kwa maneno yetu: mende anafagia, anaokota sarafu, anajipamba, anakaa kwenye roshani, wachumba wanapita, anachagua panya, panya anatumbukia kwenye sufuria.

Ndani ya kisa, kila mchumba anaulizwa angezungumzaje na mkewe. Swali hili tumelitungia ubeti wetu:

Ewe mwenye kanzu njema,
sauti yako ni ipi?
Nisikie ukisema,
nijue nijibu vipi.

Mzee mmoja alihesabu mizani kwa vidole, nane kila mstari, akaturuhusu kuendelea.

Majibu ya wachumba ndiyo yaliyozua mjadala. Niliyaandika yote kwa Kiswahili sanifu. Mtoto wa Bukavu aliyekuwa jogoo aliyasoma kama tangazo la redio, amekakamaa. Nikamwambia aseme kama anavyosema nyumbani. Akapanua kifua: "Miye niko na sauti mukubwa sana, asubui yote inaamuka!" Ukumbi ukaamka kweli. Baadhi ya wazazi hawakupenda. "Tunawaleta hapa wajifunze Kiswahili safi," baba mmoja alisema, na si hoja ya kupuuza, maana analeta watoto watatu kutoka mbali. Tulielewana hivi: msimulizi na Pura wanasema sanifu, wachumba kila mmoja anasema cha kwao. Paka ni wa Mombasa, anaanza na "bibiye." Bata ametoka Bujumbura. Chura, kwa kuwa mchezaji wake alizaliwa hapa Bronx, anachanganya.

Belpré naye alikuwa na upande huu. Hakuandika ngano zake kwa Kiingereza tu. Alitafsiri pia vitabu vya watoto vya Kiingereza kwenda Kihispania, kikiwemo kile cha fahali Ferdinand mwaka 1962 na kile cha Dubu Mdogo mwaka 1969, ili mtoto aliyefika jana asingoje ajue Kiingereza ndipo apate kucheka maktabani. Mwaka 1971 alishiriki pia kutoa orodha ya vitabu vya Kihispania kwa ajili ya watoto. Ukiniuliza mimi, ndiyo kazi yake ninayoiheshimu zaidi, na ndiyo isiyoonekana. Jukwaani imekuwa sanduku la posta: Pura anatia kitabu upande mmoja, kinatokea upande wa pili kimevaa kofia nyingine.

Tulijaribu pia kuingiza Juan Bobo, mjinga wa ngano za Puerto Rico ambaye Belpré alimwandikia kitabu mwaka 1962. Watoto wa pwani walimtambua mara moja: "Huyu si Juha?" Na mkusanyo wa ngano wa Belpré wa katikati ya miaka ya 1940 una chui milia na sungura, na sungura anashinda kwa akili kama wetu anavyomshinda fisi. Haishangazi, ngano nyingi za namna hiyo zilivuka bahari pamoja na watumwa wa Kiafrika. Vyote viwili vimekatwa kwa sababu ya muda. Dakika ishirini ni dakika ishirini.

14 Desemba 2024: Mshumaa

Saa ya hadithi kwenye maktaba za New York za enzi hizo ilianza kwa kuwasha mshumaa. Ikiisha, mtoto huomba jambo moyoni kisha huuzima kwa pumzi. Tulitaka hilo. Ukumbi unakataza moto wa aina yoyote. Tukanunua mshumaa wa betri, dola 9. Tulipoufanyia mazoezi, mtoto alipuliza, ukaendelea kuwaka. Akapuliza tena, hadi machozi yakamlengalenga, kwani mwenye kupuliza bila kuzima atajuaje kama ombi limepokelewa?

Suluhisho ni la fundi. Ameunganisha swichi kwenye uzi wa kuvulia samaki unaopita chini ya pazia. Mchezaji mmoja anachungulia kwenye tundu, mashavu yakijaa tu, anavuta. Lazima awe mtu makini. Wa kwanza alivuta mapema, mshumaa ukazimika kwa kikohozi cha babu wa safu ya pili.

Mwanzo wenyewe ni wetu: "Paukwa!" "Pakawa!" Mwisho ni wao, wimbo mfupi wa Kihispania wa kufungia hadithi, colorín colorado, ambao watoto wengi walishausikia kwa wenzao shuleni.

Taa mbili za kubana: dola 22. Vijitabu 40 kwa rangi moja: dola 58. Duka la kwanza lilitudai karibu mara mbili kwa sababu ya rangi. Chapa jalada tu kwa karatasi ya rangi, ndani weusi mtupu unatosha.

4 Januari 2025: Siku yenyewe

Walikuja watu wengi kuliko viti. Rafu ya mwanzo ilikwenda vizuri, "Siyo!" zikatikisa dirisha. Swali la makaratasi liliwachekesha wazazi kuliko watoto.

Kilichoharibika ni sufuria. Tulitumia ya kweli, ndogo, kwenye ukingo, ili sauti ya panya kutumbukia iwe ya kweli. Pérez aliruka kwa moyo wote, sufuria ikaanguka mbele na panya ndani yake, ikatua kwenye mapaja ya mtoto wa safu ya kwanza. Hakuumia, akamshika Pérez na kukataa kumrudisha. Martina, msichana wa miaka kumi na mbili, alinyamaza kidogo, kisha akainama juu ya ukingo: "Mwanangu, huyo ni mume wangu." Akarudishiwa. Siku nyingine tutaikaza sufuria kwa kibanio cha fundi seremala na kuibadilisha iwe ya bati jepesi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumebishana kama panya afe. Mama wawili walitaka aokolewe. Katika kisa alichokichapa Belpré panya anakufa, na tumemwacha afe. Mtoto mmoja alilia, bibi yake akamweka mapajani, akatazama hadi mwisho.

Baada ya mshumaa tuligawa wali. Katika kitabu Martina anapika wali mtamu wa Krismasi, basi dada wa Mombasa alipika wa tui la nazi, sukari, iliki na zabibu. Jirani mmoja Mpuerto Rico, aliyekuja kwa sababu aliona jina la Belpré mlangoni, alionja akasema kwao wali wa Krismasi nao hupikwa kwa nazi, ila mdalasini uzidi. Wameshapeana namba. Vyakula: dola 41.

18 Januari 2025: Hesabu na yaliyobaki

Jumla dola 317, tumezidi mfuko kwa dola 17, nimezifidia karibu zote kwa kuuza plaiwudi iliyobaki kwa mzazi anayetengeneza kabati la viatu, akanipa 15. Ukianza moja kwa moja na mabomba na gundi nyeupe, mradi huu unawezekana kwa chini ya dola 280 pamoja na wali.

Kijitabu kina ukosefu mmoja unaonikera: ukiacha kuitaja tuzo yenye jina lake, kinaishia 1982, mwaka aliopokea tuzo ya meya wa New York ya sanaa na utamaduni, na akafariki tarehe 1 Julai. Chapa ya pili itaongeza kwamba mwaka 1996 ilitoka riwaya yake ya watoto juu ya maisha ya shambani Puerto Rico, iliyokuwa imelala muda mrefu kwenye karatasi zake, na itaeleza tuzo yenye jina lake ilivyoanzishwa mwaka huohuo na vyama viwili vya wakutubi.

Vikaragosi vimekaguliwa. Jogoo amepasuka shingo na anahitaji kitambaa cha ndani. Miguu miwili ya Martina imekatika uzi, tutabadilisha na uzi wa kuvulia samaki. Viungo vya bomba vilivyolegea vimezungushiwa utepe wa mafundi bomba.

Wazazi wanataka sungura na fisi kwa Kiswahili cha kila mtu, Machi. Bibi wa Uvira ana kimoja ambacho sijakikuta kwenye kitabu chochote. Wiki ijayo ninakwenda kwake na kinasasauti, na binti yake atapiga chapa.